Roso, Rosho, Roho

Ilianza siku ya Jumatano, saa nane mchana, wakati kisiwa kizima cha Chole kimelala kwa joto. Mama alisema anasikia baridi. Nilidhani ananitania, maana mimi jasho lilikuwa likinitiririka mpaka magotini, na ukuta wa chumba chetu ukiugusa ulikuwa kama chungu kilichoteremshwa motoni sasa hivi. Nikacheka. Mama hakucheka. Akasema, "Zuhra, niletee shuka la baba yako. Na lile jingine. Na kanga zangu zote." Nikamfunika moja juu ya nyingine mpaka akawa kama mzigo unaongoja kupakiwa, na chini ya mzigo ule kitanda kikawa kinalia kwa kutetemeka kwake.

Siku chache kabla alikuwa amejifungua. Mtoto alikuwa wa kiume. Alilia mara moja, nilimsikia mwenyewe nikiwa uani, kisha akanyamaza, na Bibi, mama yake Mama, akatoka akaniambia niende nikacheze kwa jirani. Nikajua kuna jambo. Alizikwa kabla ya alasiri. Hakuna aliyenieleza amekwenda wapi, ila nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Basi tena, roho yake imetangulia." Neno lile likanikaa. Nikaona roho ni kitu chenye miguu, kinaweza kutangulia, na kingine kikakifuata nyuma. Kwa hiyo Mama alipoanza kutetemeka, mimi nilijua anachotetemekea. Roho yake ilikuwa imesimama mlangoni, haijaamua.

Sikuwa na nia ya kuandika haya. Mimi si msemaji. Hata darasani nikiwa na jibu huinamisha kichwa nisije nikaitwa. Lakini wiki hii, hapa shuleni Unguja, Sista aliandika neno moja ubaoni: russus. Akasema ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambayo leo hazaliwi mtoto akaisema, na maana yake ni nyekundu. Halafu akachora mistari kama ya ukoo, mama juu, watoto chini. Mtaliana, akasema, amerithi rosso, na kwake bado ni nyekundu. Mhispania amerithi rojo, hutamka roho, nayo ni nyekundu vilevile. Mfaransa, yaani yeye mwenyewe Sista, amebaki na roux, neno la nywele za rangi ya kutu, kama zake, akasema, ambazo sisi hatujapata kuziona chini ya ushungi wake. Na Mreno ana roxo, hutamka rosho. Hapo msichana wa Kigoa anayekaa mbele yangu, ambaye kwao husema Kireno, akaruka. "Hapana, Sista! Roxo si nyekundu! Roxo ni zambarau!" Darasa likaangua kicheko. Sista naye akacheka, akasema ni kweli, mtoto huyu mmoja amehama nyumba ya mama yake akaenda kukaa kwa jirani.

Wenzangu waliandika, wakafuta, wakaenda kula. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Miaka yote hii nilijua kwamba Fundi Kaitano alikosea. Sikujua kwa nini alikosea. Watu wazima wa kwetu jambo hili wamelifunga, ukiligusa wanakutuma maji. Basi nawaambia ninyi mlio rika langu.

Fundi Kaitano alikuwa Mgoa, mshonaji, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa peke yake pale Chole. Alishona kanzu za watu wetu na suruali za Wadachi, yaani Wajerumani, wa bomani, na alikuwa amekaa kwetu muda mrefu hata akawa anaapa na kulalamika kama sisi. Alikuwa mkarimu wa vitambaa vilivyobaki. Wanasesere wangu wote walivaa kwake. Kosa lake lilikuwa kujisifu kwamba anajua lugha za Wazungu wote. Vijana wakipita dukani humwuliza, "Fundi, na ya kuku je?" Naye hujibu bila kuinua macho kwenye sindano, "Kuku wa Ulaya tu. Hawa wenu hawana adabu, hawangoji mtu amalize."

Wakati ule alikuwapo pia Mtaliana mmoja, aliyetokea Banadiri, pwani ya Wasomali, akinunua marere. Marere ni ule ukoga wa kijivu unaoning'inia kwenye matawi ya miti ya pwani kama ndevu za mzee. Watu waliukwangua wakaujaza magunia, naye aliupeleka kwao ukatolewe rangi ya nguo. Tukamwita Bwana Marere. Kiswahili chake kilikuwa "njoo", "bado" na "mbaya", na kwa maneno hayo matatu alifanya biashara na kisiwa kizima. Alikuwa na sanduku la dawa. Mganga wa Boma alikuwa amekwenda bara, Baba naye alikuwa Kilwa na nazi zake. Kwa hiyo ilipofika Ijumaa, na homa haikukatika kwa mafusho wala kwa kombe lililoandikwa aya likaoshwa na kunywewa, Bibi akaniita.

"Nenda kwa Kaitano. Mwambie aende nawe kwa yule Mzungu. Mwambie mama yako anaungua, na uchafu wa uzazi unanuka. Mwambie hivyohivyo, usimeze maneno."

Nilikwenda nikiyarudia njiani. Nilipofika nikasema, "Shikamoo Fundi," nikaangalia miguu yangu, nikamnong'oneza lote. Fundi Kaitano akaacha kanzu ya watu katikati ya mshono.

Bwana Marere alikuwa pwani mbele ya ghala lake, wapagazi wanapima magunia, kelele tupu. Fundi akamweleza kwa Kireno, polepole, akiongeza mikono pale lugha ilipopungua. Mtaliana akauliza hili na lile, akajishika kidevu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na chupa mbili amezifunga pamoja katika kipande cha gunia. Hazikuwa na maandishi. Hakuzifungua tena, maana nyuma yake wapagazi wawili walikuwa wameanza kugombana juu ya mizani. Alimtilia Fundi mzigo ule kifuani na kusema kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwambia kiziwi:

"Rosso, bere. L'altro, lavare. Rosso, bere!"

"Beber, lavar," Fundi akaitikia, uso umemng'aa. Akanigeukia. "Umesikia, bibi mdogo? Lugha yake na yangu mama mmoja, baba mmoja. Kunywa, kuosha. Mtu huyu nikikaa naye mwezi mmoja, nitamshinda kwa Kitaliana chake mwenyewe. Twende."

Njia nzima alijikariri asisahau. "Roxo anywe, nyingine aoshwe. Roxo anywe." Alikuwa mnene, pumzi zinamkata, na neno lile lilimtoka nusunusu. Mimi niliyemfuata nyuma nilisikia nilichokuwa nakitafuta tangu Jumatano. Nikamvuta shati.

"Fundi, ni dawa ya roho?"

"Ndiyo, ndiyo, rosho," akasema, hana hata pumzi ya kunitazama. "Rosho anywe."

Basi. Nilijua. Katika gunia lile mlikuwa na roho ndani ya chupa, na Wazungu wanayo, na ndiyo maana wanasafiri mbali hivyo wasife. Nilitembea nyuma ya Fundi Kaitano nikiwa na furaha ambayo mpaka leo naionea haya.

Fundi hakuingia chumbani. Alisimama uani, nyuma ya pazia la mlango. Bibi akazifungua chupa juu ya mkeka. Akazitazama.

"Kaitano, mbona zote nyekundu?"

Hakuwa anabisha. Kwa Bibi yangu ulimwengu ulikuwa na rangi tatu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, na hina ilikuwa nyekundu, na udongo, na ng'ombe wa jirani, na embe lililoiva, na tunda la zambarau likipasuka. Nyingine zote zilikuwa mapambo ya watu wa mjini.

"Moja ni ya zambarau, Bibi," Fundi akasema nyuma ya pazia. "Inue kwenye mwanga. Hiyo ndiyo ya kunywa. Amesema mwenyewe, mara mbili, roxo."

Bibi akaziinua dirishani. Kweli, moja ilikuwa nyekundu ya damu. Nyingine ilikuwa nzito, karibu nyeusi, na mwanga ulipopita ukingoni ikawaka rangi ya midomo ya watoto msimu wa zambarau. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Bibi akazibua ile nyekundu, akanusa, akaurudisha mkono wake mbali kama aliyeumwa.

"Astaghfirullah! Hii mvinyo!"

"Hiyo ya kuosha tu, Bibi."

"Ya kuosha tu," Bibi akasema, na nikaona mabega yake yakishuka. "Alhamdulillahi. Ya kuosha tu si neno, tutaoga."

Mnaona jinsi kila mtu alivyopata alichokitaka. Fundi alikuwa mjuzi wa lugha. Bibi aliepushwa na haramu. Na mimi nilikuwa na roho ya kumpa mama yangu, rangi ya zambarau. Hakuna kati yetu aliyekuwa na sababu ya kuuliza tena.

Bibi akamwinua Mama kichwa, akamtilia kijiko cha kwanza. Nilikaa miguuni nikimtazama kooni, nataka kuiona roho ikipita. Nilichokiona ni macho yake. Yalifunguka yakawa makubwa, na mkono wake ukamshika Bibi kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Inachoma, mama."

"Ni homa inayokuchoma. Meza."

"Inachoma kinywa."

"Dawa ya Kizungu hiyo, si uji. Meza, mwanangu, kwa ajili ya mtoto huyu." Akaninyoshea mimi kidole.

Mama akanitazama. Akafungua mdomo, akameza cha pili.

Cha tatu hakikuingia. Kilimwagika kidevuni, nami nikajitupa mbele nikakifuta kwa vidole, maana ile ilikuwa roho na haifai kupotea hata tone. Nikataka kuirudisha midomoni pake lakini aligeuza uso, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu. Bibi akaweka kijiko chini. Akaanza kusoma aya, haraka haraka, akikosea na kurudia. Chumba kilinuka mvinyo kwa sababu ya kitambaa alichomwoshea kwa ile nyekundu, na Mama alikuwa anajikunja upande mmoja na kurudi upande mwingine kama anatafuta mahali pasipochoma.

Mimi niliangalia vidole vyangu. Rangi ile nzuri ilikuwa inakufa. Zambarau ilififia, ikawa hudhurungi, kama kutu, kama ganda la ndizi lililosahauliwa. Kwenye shuka vilevile. Na kwenye midomo ya Mama, na kwenye meno yake. Kila kitu nilichokijua kikigeuka rangi ile kilikuwa kimeshakufa: majani, damu, matunda. Nikasema moyoni, roho hii mbovu. Wametupa roho iliyoharibika. Nikasimama nikatoka mbio.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Mimi ndiye mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango wageni wakija. Lakini nilifika pwani nikapita katikati ya wapagazi wale hadi kwenye mizani, nikasimama mbele ya Bwana Marere.

"We mtoto, wafuata nini hapa?" mpagazi mmoja akauliza.

"Nataka roho."

"Unataka nini?"

"Roho. Ya mama yangu imeharibika. Nataka nyingine."

Wakacheka hata mmoja akaangusha ndoana ya gunia. "Bwana Marere, njoo! Mteja huyu! Anataka roho, mpimie frasila!" Na mwingine akadakia, "Mpe ya mkeo, hana kazi nayo!" Mzee mmoja aliyekuwa akishona magunia akawakemea. "Nyamazeni, nyie. Huyu mama yake hali mbaya." Lakini walikuwa wameshashikwa na kicheko na hakikuwaachia.

Bwana Marere hakuelewa hata neno. Aliona tu mtoto amenyosha mkono kama anayeomba, akatia mkono mfukoni anipe chochote. Kisha akaviona vidole vyangu. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaunusa. Uso wake mwekundu ule ukamwagika rangi yote. Akasema neno, akalirudia, sikulijua. Basi akainua mkono mtupu mdomoni, akalaza kichwa nyuma kama mtu anayekunywa, na huku macho yake yakiniomba nikatae.

Nikaitikia kwa kichwa.

Aliacha gunia likining'inia kwenye mizani. Alikimbia bila kofia, mtu mzima, Mzungu, katika jua lile, na watu wakatoka majumbani kumwangalia. Akipita dukani alipiga ukelele, na Fundi Kaitano, aliyekuwa amesharudi kazini, akatoka na kastabani yake bado kidoleni, akakimbia nyuma yetu bila kujua anakimbilia nini.

Uani kwetu majirani walikuwa wameshakusanyika. Bwana Marere akasimama mlangoni, hakuthubutu kuingia, akapaza sauti: "Latte! Uova! Latte!"

Wote wakamtazama Fundi.

Fundi Kaitano akavua kastabani, akaivaa tena.

"Sema!" Bibi akatoka, ushungi umemdondoka mabegani. "Sema, Kaitano, anataka nini?"

"Anasema... kama leite. Maziwa. Nadhani ni maziwa."

"Unadhani?"

"Na uova, ovos, mayai. Kwetu mayai. Lakini kwao sijui. Bibi, sijui! Jamani, msiniulize mimi, mwulizeni mwenyewe!"

Alikuwa analia. Nadhani alikuwa ameshaona vidole vyangu, na midomo ya Mama kupitia pazia lililovutwa, na ameshahesabu mwenyewe. Mtaliana alimtazama, akatutazama sisi, akafahamu kwamba mdomo aliokuwa anautegemea haupo tena. Basi akachuchumaa. Pale pale uani, mbele ya wanawake walioanza kulia kilio cha msiba, alikamua hewa kwa mikono miwili, akalia kama mbuzi. Kisha akatia mikono kwapani, akapiga mabawa, akatetea kama kuku anayetaga.

Nilicheka. Nasema kweli. Mama yangu alikuwa anakufa nyuma ya pazia, na mimi nilicheka kwa sauti, na kicheko kilikuwa kinaniuma tumbo kama kisu, sikuweza kukizuia. Bibi akanizaba kofi. Wanawake wakakimbia, huyu kwa mbuzi wake, huyu kwa kiota, na mayai yakaletwa katika pindo za kanga.

Walimnywesha maziwa yaliyopigwa na ute wa mayai. Alitapika. Wakamnywesha tena. Povu lililotoka lilikuwa la kahawia, kisha likapauka. Kila alipomeza alilia bila sauti, maana sauti ilikuwa imeshakwenda.

Nje barazani Fundi Kaitano alitoa mfukoni vibonge vyake vya uzi, akaviweka mbele ya Mtaliana kimoja kimoja. Nilikuwa nimeketi hapo nimeshika shavu. Fundi akauliza, "Rosso?" Bwana Marere akagusa uzi mwekundu. Fundi akasogeza uzi wa zambarau. "Roxo," akasema, kwa sauti ndogo, kama anayejitetea mahakamani. Mtaliana akatikisa kichwa. Akagusa mwekundu tena. Fundi Kaitano akateremka barazani, akaketi vumbini na suruali yake safi, akajipiga mdomo kwa kiganja, mara nyingi, polepole.

Lakini homa haikuwa imeondoka. Homa ndiyo iliyotuleta huko, na ilikuwa bado imelala kitandani na Mama. Dawa yake ilikuwa katika ile chupa nyekundu; kwinini, nimejua baadaye, iliyolowekwa kwenye mvinyo. Ile ya zambarau ilikuwa pamanganeti, ya kuoshea vidonda tu. Mtaliana aliieleza kwa vidole na kwa uso, na safari hii hakuna aliyekosea. Bibi alielewa kuliko wote.

"Hapana," akasema.

"Bibi, ndiyo ya kunywa," Fundi akasema kutoka chini. "Nyekundu ndiyo. Naapa."

"Wewe usiape mbele yangu. Mwanangu amekunywa moto kwa mdomo wako. Sasa unataka anywe na haramu? Akifa jioni hii akaulizwa kaburini, ajibu kwa pumzi ya mvinyo?"

"Hatakufa akinywa."

"Asubuhi ulisema hivyo hivyo."

Jirani mmoja, mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani, akasema kwa upole kwamba dharura ina ruhusa yake, hata mumewe husema hivyo. Bibi akamwambia, "Basi mumeo na amnyweshe wa kwake." Akaitwaa ile chupa kwa ncha ya kanga, akaiweka nje ya kizingiti, mahali tunapoweka takataka za kutupwa asubuhi. Nilimchukia Bibi wakati ule. Nilimchukia kwa moyo wote, na huku nikiona jinsi alivyokuwa akimtazama Mama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua na hawezi kutia maji kwa sababu maji yale ni ya wizi. Alikuwa anampenda. Alikuwa anampenda mbele zaidi ya tulipoweza kuona sisi, huko baada ya kufa, na sisi tulimtaka hapa hapa.

Jioni ile wanaume walisema Fundi apelekwe bomani. Wengine walisema aachwe, kilio chake kinamtosha. Mimi niliketi karibu na kichwa cha Mama nikimpepea. Midomo yake ilikuwa na rangi ile iliyokufa. Nikamwekea sikio kifuani nisikie kama roho bado imo, nikasikia mbio, mbio, kama mtu anayekimbia mahali pamoja.

Nawaambia mapema, msije mkakaa na wasiwasi niliokaa nao mimi: Mama yu hai. Aliungua siku nyingi tena, akakonda akawa mifupa na macho, lakini homa ilimtoka. Sauti haikurudi kama ilivyokuwa. Alikuwa mwanamke wa kuimba akipepeta mchele. Sasa anaongea kwa mkwaruzo, na wageni hudhani ana mafua. Fundi Kaitano alihama Chole kabla ya mwezi kuandama, akaenda Kilwa. Nguo zilizokuwa hazijakwisha aliziacha zimekunjwa kwa wenyewe, mlango kwa mlango. Ya Mama ilikuwa imeshonwa hadi mwisho. Haijavaliwa, wala haijatupwa.

Asubuhi iliyofuata jioni ile, baada ya adhana, Bibi alitandika msala wake kuelekea kibla, mgongo ameupa kitanda. Nilishtushwa na mlio mdogo. Mama alikuwa akigonga ubao wa kitanda kwa ukucha. Alipoona nimemwona, akasogeza kidevu kuelekea mlangoni. Nikadhani anataka hewa, nikalivuta pazia. Akatikisa kichwa, akasogeza kidevu tena, chini, kwenye kizingiti.

Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameshatoa salamu ya sala, amekaa na tasbihi mkononi. Hakugeuka.

Nikaichukua chupa. Nikamimina katika kikombe cha bati, na harufu ikajaa chumba. Tasbihi ya Bibi ikasimama. Nikangoja neno lake, kofi lake, chochote.

"Mimi nipo kwenye msala," Bibi akasema, akiutazama ukuta. "Aliye kwenye msala haoni nyuma."

Mama akajiinua kwa kiwiko, yeye mwenyewe, hakunipa mkono. Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Midomo yake iliyopasuka ikatembea, na ingawa hapakuwa na sauti niliisoma: Bismillahi. Akanywa. Mvinyo ulipopita kwenye vidonda machozi yakamruka, miguu ikapiga kitanda, na hakukiondoa kikombe mdomoni mpaka ulipokwisha.

Kisha akanirudishia, akainua kidole kimoja, akaniashiria nijaze tena.